UZI: Kasi ya kuandika kwenye diski – kontrola ipi inafaa seva za ofisi zetu Arusha na Moshi?

Fundi_Ngarenaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya mafundi na wenye ofisi wanaonunua seva za mtumba, maana naona pesa nyingi zinapotea kwenye kitu ambacho wauzaji wetu hawakielezi. Mtu anachukua seva yenye prosesa mbili, RAM ya kutosha na diski nne za TB 2. Anafunga mfumo wa hesabu au wa buking za loji. Wafanyakazi watano wakianza kuingiza data, mashine inaganda. Anaambiwa diski zimechoka, ananunua mpya, na tatizo linabaki pale pale. Ukifungua mfuniko unakuta kontrola ya diski (kadi au chipu inayosimamia diski) ni ya daraja la chini isiyo na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya kupokea data), au inayo kashe lakini betri yake ilikufa zamani na hakuna aliyeangalia.

Naomba hapa tuzungumzie kuandika tu. Kusoma kunabebwa sana na RAM ya seva, lakini kwenye kuandika data haina budi ifike mahali ambapo umeme ukikatika haipotei. Na umeme wetu wote tunaujua.

Tuanze na diski yenyewe. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Kichwa kikitaka kuandika mahali fulani, kwanza kinasogea hadi kwenye njia yake, milisekunde nane au tisa. Kisha kinasubiri sehemu husika ifike chini yake, kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 4.2 hivi. Jumlisha halafu gawanya: unapata operesheni 75 hadi 80 kwa sekunde kwa kazi iliyotawanyika. Hakuna kontrola inayoweza kuizungusha diski haraka zaidi ya hapo. Likishika kichwani hilo, nusu ya maneno ya madukani utayapuuza, hasa yale ya "hii ni SATA III ya gigabiti 6". Diski ya kuzunguka yenye kasi nzuri inaandika karibu MB 200 kwa sekunde kwenye njia za nje na karibu nusu ya hiyo kwenye njia za ndani. Hata SATA II inabeba MB 300. Poti haijawahi kuwa kikwazo.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione. Hata kuandika kwa mfululizo, sekta baada ya sekta bila kichwa kuhama, kunaweza kuwa kwa taabu kubwa. Programu inatuma kipande cha KB 64, inasubiri jibu kwamba kimeandikwa, ndipo itume kingine. Kashe zote zikiwa zimezimwa, jibu likirudi sekta inayofuata imeshapita chini ya kichwa, kwa hiyo unasubiri mzunguko mzima. Mara 120 kwa sekunde, KB 64 kila mara, ni KB 7,680. Hiyo ni chini ya MB 8 kwa sekunde, kwenye diski ile ile ya MB 200! Mkiona seva inakopi kwa MB saba na kitu bila kuvuka, msikimbilie kusema diski ni mbovu. Mara nyingi ni hesabu hii.

Ndiyo maana kompyuta ya kawaida ya mezani wakati mwingine inaishinda seva kwa kukopi mafaili. Kontrola ya kwenye mazabodi, ikiwa katika hali ya AHCI, huiacha kashe ya diski ikiwa wazi (siku hizi ni MB 64 hadi 256 kwa diski) na kuiruhusu diski ipange foleni ya amri hadi 32. Kontrola za seva zina tabia tofauti. Smart Array za HP, kwa mfano, hutoka kiwandani zikiwa zimezima kashe ya diski, kwa sababu kashe hiyo haina betri. Kwa usalama wa data wamefanya sahihi. Ila kama kontrola nayo haina kashe yake, umebaki mikono mitupu.

Zinazozunguka sana kwenye mitumba inayotufikia nazigawa hivi. Kuna zisizo na kashe: Dell PERC H200 na H310, na kadi za LSI 9211-8i. Hizi hazina pa kuweka mzigo, kinachoandikwa kinakwenda moja kwa moja kwenye diski. H310 ina kasoro nyingine, foleni yake kwa programu dhibiti ya kiwandani ni amri 25 tu kwa kontrola nzima. Ukiweka diski sita kwenye foleni hiyo, zinagombania. Kuna zenye kashe: PERC H710 (MB 512), H710P (GB 1), LSI MegaRAID 9260-8i (MB 512), 9271-8i (GB 1), na P420i ya HP ambayo moduli yake ni ya MB 512, GB 1 au GB 2.

Kontrola yenye kashe ni kama karani wa mapokezi anayekugongea muhuri hapo hapo dirishani, kisha mzigo wako anaupeleka stoo baadaye, tena akiwa ameupanga kwa njia itakayompunguzia safari. Wewe umeshaondoka zako. Hiyo ndiyo hali inayoitwa write-back. Katika write-through hugongewi muhuri mpaka mzigo uwe umeshafika stoo. Kadi moja, diski zile zile, tofauti ya mpangilio huo peke yake inaweza kuwa mara kumi na zaidi kwenye uandishi mdogo mdogo wa mifumo ya hesabu.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Tunapolinganisha kontrola kwa kuandika, kwa kweli tunalinganisha ni nani anayesema "imeandikwa" mapema, na kama ana uwezo wa kulisimamia neno lake umeme ukikatika. Kashe bila betri ni ahadi isiyo na dhamana. Betri ya kontrola hushikilia data ndani ya kashe mpaka umeme urudi, kwa muda wenye kikomo. Aina za karibuni zaidi hutumia kapasita: umeme ukikatika, kapasita inatoa nguvu ya kutosha kuhamishia kashe kwenye flashi, na hapo data inakaa hata ukifunga ofisi ukaenda Krismasi kijijini. HP wanaiita FBWC, LSI wanaiita CacheVault. Kwa mazingira yetu nachagua kapasita kila nikiipata.

RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, nayo ina gharama yake, hasa RAID 5. Kubadilisha kipande kidogo kimoja kunahitaji operesheni nne: soma data ya zamani, soma pariti ya zamani (hesabu ya kurudishia data diski ikifa), andika data mpya, andika pariti mpya. Diski nne za operesheni 80 zinakupa 320 kwa jumla. Kwa RAID 5 zinabaki 80, sawa na diski moja! Kwa RAID 10, ambayo inaandika mara mbili, unabaki na 160. RAID 6 inachukua sita. Ofisi yenye hifadhidata ikinambia inataka RAID 5 ili isipoteze nafasi, naikatalia mpaka nione kashe yenye ulinzi.

Karibuni.

---

Dada_Mhariri

Asante sana kaka, somo limeeleweka. Niko Njiro, nahariri video za harusi na za wageni wa safari. Nina seva ya diski nne RAID 5, kontrola ina GB 1 ya kashe na betri inasema nzima. Kukopi video kutoka kompyuta mbili za kuhariria inasimama MB 110 kwa sekunde, haipandi. Muuzaji ananishauri nibadilishe kontrola nichukue ya GB 2. Nifanye hivyo?

---

Fundi_Ngarenaro

Dada, usitoe hata shilingi. MB 110 ni mtandao wako. Waya wa gigabiti moja kinadharia ni MB 125 kwa sekunde, ukitoa vichwa vya pakiti unabaki na 110 na kitu. Umefika ukutani. Hata ungeweka kontrola ya bei mbaya kuliko zote, namba itabaki hiyo hiyo. Pesa hiyo nunua kadi mbili za gigabiti 10, moja kwenye seva na moja kwenye kompyuta unayoitumia zaidi, uunganishe moja kwa moja bila swichi.

Na kwa kazi yako RAID 5 haina ubaya. Faili la video ni refu na linaingia kwa mfululizo, kashe inakusanya mstari mzima wa RAID kisha inaandika data na pariti kwa mkupuo, bila kusoma cha zamani. Ile adhabu ya operesheni nne haikuhusu sana. Inawahusu wenye mifumo ya risiti na buking.

---

Mzee_wa_Pasua

Kijana umeandika vizuri, ila mimi wa Moshi nina neno. Hizi kadi za RAID zinakufunga. Kadi ikifa, diski zako hazisomeki mpaka upate kadi ya ukoo ule ule, na hapa kwetu kuipata si leo wala kesho. Mimi nimehamia RAID ya programu, mdadm kwa wengine na ZFS kwa wengine. H310 hiyo hiyo unayoisema vibaya naibadilishia programu dhibiti iwe kama 9211-8i, foleni inapanda hadi 600, diski zinaonekana moja moja, basi. Nikihamisha diski kwenye mashine nyingine yoyote yenye Linux, zinasoma.

---

Fundi_Ngarenaro

Shikamoo mzee. Hoja ya kadi kufa naikubali yote, na H310 ikishabadilishwa hivyo ni kadi nzuri, zote mbili zinatumia chipu moja, SAS2008. Ila kwa kuandika bado tunabishana. RAID ya programu ikiwa na diski za kuzunguka peke yake haina mahali salama pa kutoa jibu la haraka. Hifadhidata ikisema "hakikisha imefika", inarudi kwenye mizunguko 120 kwa sekunde. ZFS ina njia ya kulitatua, unaiwekea SSD ya kupokea uandishi wa aina hiyo, lakini SSD yenyewe iwe na kapasita za kulinda kashe yake. Watu wanaweka SSD za kawaida za laptopu humo, na hapo tumerudi kwenye ahadi isiyo na dhamana.

---

Mzee_wa_Pasua

Marahaba. Hilo la SSD ni kweli tupu, na mimi naweka za seva, za mtumba lakini zenye kapasita. Ofisi isiyoweza kununua nawaambia wazi kwamba mfumo utakuwa mzito lakini data itakuwa salama. Nami nina swali. Wote tuna UPS. Kwa nini mtu asiwashe write-back bila betri ya kontrola, UPS ikawa ndiyo betri?

---

Fundi_Ngarenaro

Kwa sababu UPS inalinda waya wa ukutani tu. Pawasaplai ya seva ikiungua, UPS haina msaada. Mtu akichomoa waya wakati wa usafi, au betri za UPS zenyewe zikiwa zimechoka (na nyingi mjini hapa zimechoka, hakuna anayezipima), vivyo hivyo. Betri ya kontrola iko juu ya kadi yenyewe, kati yake na kashe hakuna kitu cha kukatika. Nataka zote mbili: UPS ili seva izimike kwa utaratibu, na kapasita kwa ajili ya siku ambayo utaratibu haukuwezekana.

Kuna jambo jingine pia. Linux au Windows ikiganda kabisa, data iliyokuwa kwenye RAM ya seva imekwenda. Iliyokwisha kuingia kwenye kashe ya kontrola inaendelea kushushwa kwenye diski, kwa sababu kontrola ina prosesa yake.

---

kijana_wa_stoo

Wakuu, na kamera za ulinzi je? Tuna kamera 16, kampuni moja imetuandikia kontrola ya kashe GB 2 kwenye nukuu ya bei.

---

Fundi_Ngarenaro

Piga hesabu mdogo wangu. Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, kumi na sita ni megabiti 64, ambazo ni MB 8 kwa sekunde. Diski moja inabeba bila jasho. Kontrola ya mazabodi inatosha. Chagueni diski zilizotengenezwa kwa kazi ya kurekodi saa 24, pesa inayobaki iende kwenye UPS.

---

Mpiga_picha_Marangu

Niulize nje kidogo ya mada. Sisi tunaopanda na wageni mlima Kilimanjaro tunabeba diski za nje za kuzunguka kufanya bakapu ya picha jioni. Inaandika polepole sana juu kule, na mara nyingine inakataa kabisa. Ni kontrola ya USB?

---

Mzee_wa_Pasua

Hili nijibu mimi, liko nyumbani kwangu. Kwanza hakikisha haujachomeka kwenye poti ya USB 2.0, maana hiyo kwa vitendo haizidi MB 40 kwa sekunde popote ulipo. Lakini mlimani jambo kubwa ni hewa. Kichwa cha diski kinaelea juu ya sahani kwa mto mwembamba sana wa hewa. Hewa ikipungua, kichwa kinashuka. Ndiyo maana kwenye karatasi za diski nyingi wanaandika mwisho wa kutumika ni mita 3,048. Kambi ya Mandara iko mita 2,720, hapo bado uko salama. Horombo ni mita 3,720, umeshavuka. Kambi ya Kibo ni 4,720. Kuanzia Horombo beba SSD, haina kichwa wala sahani. Diski ya kuzunguka iache hotelini, utaandikia ukishuka.

---

Fundi_DoubleRoad

Wakuu nimesoma wote, uzi mzuri. Nina seva ya ofisi ya utalii hapa Moshi mjini, 9260-8i, diski nne RAID 10, hifadhidata ya MySQL. Nimejaribu amri ya dd, kuandika sifuri tupu kwenye faili, ikanipa zaidi ya GB 1 kwa sekunde, lakini watumiaji wanalia. Nipimeje kwa haki?

---

Fundi_Ngarenaro

Hiyo dd imepima RAM ya seva, diski hujazigusa. Tumia fio, programu ya kupima diski, na upime vitu viwili tofauti. Cha kwanza, uandishi uliotawanyika:

fio --name=tawanya --filename=/data/jaribio.bin --size=100G --rw=randwrite --bs=4k --ioengine=libaio --direct=1 --iodepth=16 --time_based --runtime=1200

Cha pili, kinachofanana na hifadhidata inayodai uthibitisho kila mara:

fio --name=thibitisha --filename=/data/jaribio2.bin --size=2G --rw=write --bs=4k --iodepth=1 --fsync=1 --time_based --runtime=300

Nina sababu ya kuweka dakika ishirini kwenye cha kwanza. Kashe ya MB 512 inameza vipande 131,072 vya KB 4. Diski zako zikishusha, tuseme, vipande 300 kwa sekunde, kashe hiyo inachukua zaidi ya dakika saba kumalizika. Ukipima dakika moja umepima kashe na hujapima kinachotokea mchana kazi ikichanganya. Angalia grafu inavyoshuka baada ya kashe kujaa, hapo ndipo palipo na kontrola yako ya kweli. Na faili liwe kubwa, GB 100 kwenda juu, maana faili dogo linakifanya kichwa kitembee eneo finyu na namba zinapendeza kuliko hali halisi.

Kipimo cha pili kikikupa operesheni mia moja na kidogo au pungufu kwa sekunde, uko kwenye write-through. Ikiwa write-back inafanya kazi, itakuwa maelfu. Leta majibu, pamoja na ya amri hizi:

storcli64 /c0/v0 show all
storcli64 /c0/bbu show all

---

Fundi_DoubleRoad

Cha pili kimetoa chini ya mia moja. Mpangilio unasomeka WB, lakini betri inaandika "Failed".

---

Fundi_Ngarenaro

Umeshampata mwizi. Mpangilio unasema write-back, ila kontrola ikiona betri imekufa inajirudisha write-through yenyewe bila kukuuliza. Ni ulinzi mzuri, tatizo ni kwamba haina kelele, na mwenye ofisi anaona tu mashine imekuwa nzito. Betri nzima nayo hufanya hivyo mara moja moja inapojichaji na kujipima upya, kwa hiyo mtu akilalamika uzito unaokuja na kupotea kila baada ya muda, angalia kumbukumbu za kontrola kabla ya kitu kingine.

Wa HP amri ni ssacli ctrl all show detail, tafuteni mstari wa hali ya kashe na wa betri au kapasita.

Diski zako ni aina gani?

---

Fundi_DoubleRoad

Mbili za zamani za seva, mbili nilinunua dukani mwaka jana, ST2000DM008.

---

Mzee_wa_Pasua

Hizo mbili zitoe kijana wangu. Ni SMR, njia zake zimepandana, kubadilisha njia moja kunalazimu kuandika upya na za jirani. Zina eneo dogo la kupokea haraka, likijaa kasi inaanguka vibaya, na kwenye RAID zote zinasubiri ile ya polepole. Haiponywi na betri wala kashe. Mwaka 2020 hata baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6, zinazouzwa kwa ajili ya kazi za hifadhi, zilijulikana kuwa SMR na kelele zikawa nyingi. Kabla ya kulipa andika namba ya modeli kwenye simu, tafuta kama ni SMR au CMR. Unataka CMR, ambayo njia zake hazijapandana.

---

Fundi_DoubleRoad

Nimeelewa mzee, asante. Betri nimeagiza Dar, itachukua muda kufika. Nimeona kuna chaguo la kulazimisha write-back hata bila betri. Niweke kwa sasa ili ofisi ipumue?

---

Fundi_Ngarenaro

Hapana kaka, usiguse hilo. Umeme ukikatika na MB 512 ziko hewani, si risiti chache tu zitakazopotea. Kontrola ilikuwa imepanga upya mpangilio wa kuandika, kwa hiyo vipande vya katikati vinaweza kukosekana huku vya mwisho vipo, na mfumo wa mafaili wenyewe ukavurugika. Hapo unaitisha bakapu.

Fanya hivi badala yake. Kwenye MySQL weka innodb_flush_log_at_trx_commit=2. Kwa thamani ya kawaida, ambayo ni 1, kila muamala unadai uthibitisho wa diski, na ndiyo unaokula mizunguko yako. Kwa 2, uthibitisho unadaiwa takriban mara moja kwa sekunde. Umeme ukikatika utapoteza miamala ya sekunde ya mwisho au zaidi kidogo, lakini InnoDB (injini ya hifadhi ya MySQL) itajirekebisha ikiwaka. Mwambie mwenye ofisi kwa mdomo na kwa maandishi, akubali yeye. Wahasibu wawe wanakagua risiti za mwisho kila umeme ukirudi.

Betri ikifika, iache ichaji hadi storcli iseme iko sawa, rudisha thamani iwe 1, kisha rudia kile kipimo cha pili. Na diski za CMR zibadilishe moja moja, usitoe ya pili mpaka RAID imalize kujijenga kwenye ya kwanza.

---

Fundi_DoubleRoad

Sawa mkuu. Nimebadilisha sasa hivi, watu wa kaunta wanasema mfumo unafunguka. Mwenye ofisi nimemwandikia barua pepe, amekubali. Betri ikifika nitaleta namba hapa.